Harufu ya Yaya

Hapana, muachie tu. Ile kitambaa yenye unaona pale kwa shingo ya mutoto haiko ya kutupa. Najua, iko na rangi ya maji ya mvua, na ukiikaribisha kwa pua inakupiga kidogo. Lakini jaribu kuikamata, sema unaenda kuitupa mu mto, utaona nyumba yote inasimama. Hata mimi nitasimama, na magoti yangu unajua vile iko. Unaniuliza sababu gani mutoto wa miaka ine anatembeaka na kipande ya kikwembe sawa mutu anabeba carte d'électeur ya kupigia kura. Bon. Kaa. Ile kiti hapana, muguu yake moja inadanganya. Kaa huku.

Mutoto anaitwa Glodie, ni wa mwana yangu Jacques. Jacques yeye anafanyaka kazi kwa baleinière, ile mashua kubwa ya mbao, anashuka Isangi, anapanda, anashuka tena, tunamuonaka sawa vile tunaonaka mwezi. Mama ya Glodie ni Marceline, huyu mwenye amekupa maji. Na ile kitambaa, mwanzo yake, ilikuwa kikwembe muzima, ya manjano na bandege. Marceline alibeba nayo Glodie kwa mugongo tangu siku balitoka maternité. Ikazeeka, ikapasuka. Bibi yangu Ursule, mama ya Jacques, akakata nusu ya kushikia sufuria ya moto, na nusu ingine mutoto akakatala kuachilia. Ndege moja tu njo ilibakia, na yeye hana kichwa.

Glodie anaiita Yaya. Na mutoto iko na akili, usicheke. Ile kikwembe ilikuwa mu nyumba mbele yeye azaliwe, donc ni mukubwa wake, donc ni yaya, dada mukubwa. Analalaka naye, anakulaka naye. Akienda choo anamuacha kwangu, babu yake, ananiambia, "Koko, ulinde Yaya." Nalinda. Nifanye nini? Niko muzee, kazi zingine bamenitoshea, hii njo balinibakishia.

Sasa ile siku. Ilikuwa siku ya samaki ya kwanza.

Sisi batu ya chutes, pale mto inaanguka kwa mawe, unajua kazi yetu. Maji ikipunguka, tunasimamisha miti kwa mawe, tunafunga na kamba ya pori, tunatundika banasse, hizi bitunga kubwa zenye mutu anaweza kulala ndani kama bibi amemufukuza. Maji inakimbia, samaki inaingia nayo, kurudi haiwezi. Baba yangu alifanya ivo, baba yake alifanya ivo. Na kwa ukoo yetu kuko kitu moja. Samaki ya kwanza ya nasse mupya haiende soko. Inapikwa hapa, na mutoto mwenye iko mudogo kupita bote mu nyumba njo anaonja. Mbele ya yeye kuonja, hakuna mutu anaweka kitu mu kinywa. Hata chumvi.

Unauliza mutu akivunja, inakuwa nini? Ndugu yangu Célestin alivunja. Alilamba kidole moja tu, yenye ilikuwa na muchuzi, akifikiri hatumuone. Kesho asubuhi nasse yake haikuwa tena. Miti, kamba, kitunga, yote ilishuka na mto, labda ilifika Isangi mbele ya baleinière. Yeye alisema ni maji ilipanda. Sisi tulisema ni muchuzi. Mpaka leo ile mabishano haijaisha, na yeye alishakufa.

Bon. Na siku ileile, bokilo alikuwa anakuya kututembelea. Mama Clémence, mama ya Marceline, wa kutoka Isangi. Mwanamuke wa heshima, mimi sina neno naye. Lakini mara ya mwisho alifika hapa, alifungua mutungi yetu ya maji, akawasha torche ya telefone, akaangalia mpaka chini. Alifunika tu, polepole. Ursule hakusahau ile kufunika. Ukitaja jina ya bokilo, mukono yake inatafuta fagio.

Basi asubuhi Ursule anafagia parcelle, kiwanja yetu yote, anafagia mpaka kwa majirani, anaingia mu nyumba, anakuta Glodie analala, kinywa wazi, na Yaya iko chini ya kitanda. Akaiangalia. Akawaza: huyu mama ataona hii kitu, atarudi kusema kwa Isangi yote kama mujukuu wake tunamufunikaka na matambara. Akaikamata. Akaitia mu bassin na sabuni ya unga, akasugua. Akaweka na eau de javel ya kutoa madoa. Akaisuuza, akaitandika kwa jua. Na vile roho yake iko muzuri, akatia na parfum, ile chupa ya kwenda nayo misa.

"Papa Jacques, angalia," akaniambia. "Iko sawa mupya ya magazini."

Na ilikuwa sawa ya magazini. Hata ile ndege bila kichwa, rangi yake ilirudi. Nikamuambia, "Mama Jacques, hapa umetumika kazi."

Glodie akaamuka. Koko wake Ursule akamupa Yaya na macheko kubwa. Mutoto akamuweka kwa pua. Akamutoa. Akageuza upande ingine, akanusa tena. Kiisha akaikunja vizuri, kona juu ya kona, akamurudishia koko wake, sawa vile unarudisha kitu yenye mugeni alisahau kwako.

"Si yeye," akasema.

"Ni yeye, mama. Angalia ndege yake."

"Huyu ni mutu mwingine."

Akatoka, akaenda kukaa kwa mulango. Ursule akamufuata.

"Unafanya nini hapa?"

"Nangoja Yaya arudi."

Na hakulia. Kama angelia, tungejua kazi ya kufanya. Mutoto wa kulia unamubeba, unamuimbia, unamupa beignet, inaisha. Huyu alikaa tu, mikono kwa magoti, anaangalia barabara, sawa mutu mwenye bateau yake imechelewa kwa beach, pale mashua zinafikaka.

Tukasema itapita. Saa ile mwana yangu wa pili, Rolly, akarudi kutoka kwa maji na samaki capitaine kwa bega. Kubwa, mukia ilikuwa inafagia mugongo yake. Nasse mupya, mara ya kwanza, na samaki ya vile. Ursule akaimba. Akaipika kwa majani, liboke, na pilipili na mafuta ya ngazi, ile mekundu ya mawese, na pembeni akaweka lituma ya makemba, hizi ndizi za kuponda, na pondu ya majani ya muhogo. Harufu ikatembea parcelle yote. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwa kiti yangu, nameza mate, naheshimu sheria.

Chakula ikaiva. Ursule akafungua jani, akatoa kipande bila mufupa, akapuliza, akaenda kwa mulango.

"Glodie, fungua kinywa."

"Nitakula na Yaya."

"Yaya huyu hapa. Muone, amekuya."

"Huyu akule yake peke yake."

Na kinywa ikafungwa. Ile kinywa, ikifungwa, hata na kisu huwezi. Hiyo alirithi kwa upande ya koko mwanamuke.

Rolly akakuya, maji inaanguka kwa suruali. Alikuwa kwa mawe tangu jua haijatoka. "Mama, kuko nini? Tumbo yangu inaongea na batu."

"Muambie inyamaze. Mudogo hajaonja."

"Basi aonje."

"Muambie weye."

Akaenda kumuambia. Akarudi. "Anasema anangoja mutu," akasema.

Njo Marceline akafika na kitunga yake kutoka soko. Akanusa hewa, akaona kitambaa kwa bega ya Ursule, inangaa sawa nappe ya autel kwa kanisa. Akaweka kitunga chini.

"Mama, uliifula."

"Niliifula."

"Na sabuni?"

"Na nini basi, na udongo?"

"Mama, na heshima yote. Ile kitu mi naipitishaka kwa maji tu, bila sabuni, wakati analala. Sasa ilipoteza harufu. Mutoto anatafuta harufu yake."

"Harufu gani?" Ursule akauliza.

Na pale, muzee mwenzangu, pale njo vita ilianzia. Sababu kila mutu mu hii nyumba alikuwa anajua ni harufu gani. Ilikuwa harufu yake yeye mwenyewe.

Ursule akasema: ni moshi ya jiko yangu. Huyu mutoto anashindaka kwangu jikoni, Yaya inanusa moto ya koko. Akaenda kuitandika juu ya moshi, anaigeuza huku na huku sawa samaki ya kukausha, mpaka macho yake ikatoka machozi. Akamupelekea Glodie. Glodie akanusa.

"Huyu alikuwa anapika," akasema, na akarudisha.

Rolly akacheka. "Mama, moshi iko kwa kila nyumba. Yaya inanusa samaki. Nani anamuchezeshaka kila magaribi akitoka kwa maji? Ni mimi." Akakamata ngozi ya capitaine, akasugua kitambaa mpaka magamba ikashikamana nayo. Glodie akanusa kidogo tu, kutoka mbali.

"Huyu alianguka mu maji," akasema. Hata alimuonea huruma.

Marceline yeye akaikamata. Akaipangusa, akaiweka ndani ya blouse, kwa kifua, akatembea nayo parcelle yote, mikono imekunjwa, sawa kuku inalalia mayai. Mimi nikafikiri, basi, imeisha, na mama huwezi kushindana. Mutoto akanusa murefu. Akamuangalia mama yake.

"Huyu ni mama," akasema. "Mama iko. Nataka Yaya."

Marceline akageuka kupanga kitunga yake ya soko, na alichukua wakati murefu juu ya nyanya ine.

Sasa mimi. Mimi nilikuwa nimenyamaza tangu mwanzo, sababu mutu mwenye anajua kweli hana haraka. Kila muchana, kukiwa jua, Glodie analalaka kwa kifua yangu, na Yaya katikati yetu. Na kwa mufuko ya chemise yangu kuko nini? Kuko tumbako yangu ya pua. Donc. Nikaita kitambaa. Nikatoa tumbako, nikainyunyiza, nikasugua, nikakunguta. Nikabaambia, "Muangalie sasa." Nikaenda mwenyewe, na magoti yangu, mpaka kwa mulango.

Glodie akanusa. Akapiga chafya. Akapiga tena. Alipiga chafya mpaka kuku zikakimbia.

"Koko," akasema, akipangusa macho, "huyu iko mugonjwa. Umupeleke kwa munganga."

Rolly alicheka mpaka akakaa chini. Ursule hakucheka, lakini niliona mabega yake. Bon. Nikarudi kwa kiti yangu. Harufu ya capitaine iko palepale, jua iko kwa kichwa, na kwa barabara toleka moja, baiskeli ya kubeba batu, inasimama. Kwa kiti ya nyuma, na valise kwa magoti: bokilo.

Mama Clémence akashuka, akalipa, akapangusa uso. Tukasalimiana, bokilo hapa, bokilo pale, safari, mvua, mafundisho ya pastore wa kwao. Kiisha akavuta hewa.

"Ile capitaine," akasema, "nilianza kuisikia tangu kwa beach. Sijakula tangu jana. Kwa bateau balikuwa na chikwange ya muhogo tu, na ilikuwa nguvu sawa mti."

"Iko tayari, bokilo," Ursule akasema.

"Basi ni vizuri."

Akakaa. Akangoja. Sisi pia tulikaa. Hakuna mutu aliangalia mwenzake.

"Iko tayari," nikamuambia, "lakini haijakuwa tayari."

"Namna gani?"

Nikamuelezea sheria. Akasikiliza na adabu. "Na mudogo ni nani?"

"Ni mujukuu wetu, yule pale kwa mulango. Amekatala."

"Anakatala juu ya nini?"

"Anangoja Yaya yake."

Bokilo akageukia binti yake polepole. "Marceline. Uko na mutoto mwingine, na hamukuniambia?"

Marceline akamuelezea. Ikachukua wakati. Na kila neno yenye ilikuwa inatoka, matambara, harufu, miaka ine, niliona Ursule anakuwa mudogo kwa kiti yake. Kitu yote alikuwa anataka kuficha, sasa inasemwa mu parcelle na sauti kubwa, na mwenye kusema ni bokilo-mwana wake mwenyewe.

Mama Clémence akasema, "Njo ile tu? Dakika moja." Akafungua valise. Akatoa couverture mupya, bado ndani ya plastiki, ya rangi ya waridi, na picha ya munyama moja ya Bazungu, kubwa, manyoya mengi, macho sawa vifungo vya koti. Laini, we unaweka mukono na mukono inapotea. Akaenda nayo mpaka kwa Glodie, akamufunika nayo mabega.

"Hii ni ya Glodie. Ile ya zamani tunaachia panya."

Mutoto akaishika. Akanusa. Akasema, "Asante, koko," vizuri kabisa, na heshima. Kiisha akasimama, akaikokota mpaka kwangu, akaitandika kwa magoti yangu, akaweka vizuri huku na huku. "Ni ya koko muzee," akasema. "Yeye anasikiaka baridi." Akarudi kwa mulango.

Mimi nikaivuta mpaka kwa kifua. Ilikuwa couverture muzuri.

"Kwetu Isangi," bokilo akasema, na sauti yake haikuwa tena ya kwenye misa, "samaki ikiiva, batu banakula."

"Kwenu Isangi," Ursule akajibu, "muliona nasse ya Célestin ikipita? Yeye pia alisikia njaa."

Ilikuwa mubaya. Rolly alikuwa anaangalia sufuria namna moja, nikamuambia aangalie upande ingine. Pondu ilianza kupoa juu. Nikawaza: nitakosa kumupa bokilo chakula mu nyumba yangu. Atalala njaa hapa, atarudi kwao, na ile neno haitafulika na javel. Marceline alikuwa kati ya mama yake na mama ya bwana yake, anasukuma vyombo bila sababu. Na yule mudogo kwa mulango, mugongo kwetu, anangoja. Sitakudanganya, ile mugongo njo iliniumiza kupita njaa. Bamemutolea mutu wake, bakamuletea mwingine, na kila mara bote banamuambia ni yeye.

Mama Clémence akafikiri. Akauliza, "Sheria inasema mudogo kupita bote mu nyumba?"

"Njo ivo."

"Basi mutafute mudogo kupita huyu."

Tukamuangalia. Hatukuwa tumefikiri ile.

Nyuma ya parcelle yetu iko Rachida, jirani, na mutoto wake Amuri. Amuri hajatembea bado, iko na meno mbili tu, ya chini, anazionyeshaka kila mutu sawa mali. Rolly akasema, "Papa, Amuri si wa nyumba."

"Juzi mvua ilipotoboa bâche ya paa yao, alilala wapi?" nikamuuliza.

"Mu chumba ya Marceline."

"Basi. Mutoto mwenye alilala chini ya manjanja yetu ya bati mu juma ya samaki ya kwanza, ni wa nyumba."

"Hii sheria uliitosha wapi?"

"Naitosha sasa ivi," nikamuambia. "Enda kumuita Rachida."

Rachida akakuya, mikono bado na pondu, Amuri kwa kiuno. Alipoelezwa, hakushangaa. Yeye ni jirani yetu tangu zamani. "Kama ni kula tu," akasema, "huyu hajawahi kukatala."

Tukafanya muzunguko. Ursule akamukamata Amuri kwa magoti. Akatoa samaki kidogo, akaiponda kwa vidole na mafuta ya ngazi, akatoa pilipili, akamuwekea mu kinywa. Bote tukainama. Hata bokilo alisimama. Amuri akatafuna na meno yake mbili. Akafikiri. Akatafuna tena, akaangalia juu, akachekea Rolly, na yote ikatoka. Samaki, mafuta, mate, ikashuka kidevu, ikaingia kwa shingo, mu ile mikunjo ya shingo ya mutoto munene.

"Alionja," Mama Clémence akasema, anasogea kwa sufuria.

"Hakumeza," Rolly akasema, na sauti ya mutu anafiwa.

"Kuonja na kumeza ni mbili."

"Célestin pia alilamba tu," nikasema mimi.

Na wakati tunagombana ivo, Ursule, mama wa batoto saba, mukono yake ikafanya kazi bila kumuuliza. Akavuta kitambaa yenye ilikuwa kwa bega, akamupangusa Amuri kinywa. Akapangusa kidevu. Akaingiza kidole na kitambaa mu mikunjo ya shingo, akazungusha, akatoa samaki, na maziwa ya asubuhi, na vitu vingine vyenye Rachida mwenyewe hakujua kama viko mule. Amuri akakamata kona moja, akaitia mu kinywa, akainyonya na nguvu.

Kwa mulango, ile mugongo ikageuka.

Glodie akasimama. Akakuya polepole, akapita katikati ya miguu yetu. Akamuangalia Amuri ananyonya. Akakamata upande wake ya kitambaa, akavuta. Amuri akavuta. Mutoto wa meno mbili iko na nguvu, usimuzarau. Mwishowe ikatoka na sauti ya chupa inafunguliwa. Amuri akapiga kilio. Glodie akaweka kitambaa kwa pua.

Tukanyosha macho bote, Amuri anaendelea kulia.

Akanusa. Akafunga macho. Akanusa tena, murefu, mpaka tumbo. Akaiweka kwa shingo, vile unamuona nayo sasa, na akaguna sawa muzee anavua viatu.

"Ulikuwa wapi?" akaiuliza.

Mama Clémence tu njo alinyosha shingo, akanusa kona yenye ilikuwa inaninginia.

"Ni mate," akasema.

"Mate gani?" Ursule akauliza.

"Mate, bokilo. Mate na mafuta na maziwa yenye ilichacha. Nililea batoto tisa, naijua." Akatuangalia mumoja mumoja: Ursule na macho yake mekundu ya moshi, Rolly na magamba kwa mikono, mimi na tumbako kwa ndevu. "Donc nyumba muzima, tangu asubuhi, mulikuwa munagombania mate."

Ursule akaangalia kitambaa. Kiisha akaanza kucheka, ile macheko yake ya tumbo, mpaka akamupa Rachida mutoto juu asimuangushe. Bokilo naye akacheka. Bakashikana mikono, banamuke babili bale, na mumoja hakukumbuka mutungi, na mwingine, nafikiri, hakukumbuka matambara.

Rolly hakucheka. Rolly alikuwa anaangalia sheria. Akachuchumaa mbele ya Glodie, akasema na sauti ndogo, "Mama kidogo. Yaya amerudi. Alisema iko na njaa?"

Glodie akasikiliza kitambaa. "Kidogo," akasema.

"Atakula nini?"

"Atakula mate yake. Mimi nitakula samaki." Na akamuonyesha Amuri kidole. "Huyu ni mugeni. Asionje kwanza."

Ursule akakata kipande ya shavu ya capitaine, pale kwenye iko laini. Akapuliza. Kinywa ikafunguka. Glodie akatafuna, polepole, anatuangalia bote, na mafuta ilipotaka kushuka kwa kidevu, akaipangusa na Yaya. Akameza. Tuliona vile ilipita kwa koo.

"Iko na chumvi mingi," akasema.

"Asante, mama," nikamuambia.

Marceline akaleta bassin na maji. Bokilo akanawa wa kwanza, kiisha Rachida, mwenye alikuwa anasema yeye anarudi kwake, pondu yake iko kwa kinu, na Ursule akamusukuma kwa bega mpaka akakaa kwa mukeka. Rolly hakungoja kunawa, mikono yake ilikuwa ndani ya maji siku muzima, akasema. Mama yake akamuangalia tu, na yeye akanawa. Mimi nikasema sala, ya mufupi kupita zote nilishasema mu maisha, nafikiri hata Mungu alishangaa. Samaki ilikuwa imepoa. Ursule akamuwekea bokilo kichwa. Bokilo akamurudishia, hapana, ni ya muzee. Mimi nikamupa Rolly nusu ya ile kichwa juu ya kazi yake. Marceline akasogea kidogo, akaacha nafasi ya Glodie, na Glodie akasogea kidogo, akaacha nafasi ya Yaya, na tukakaa bote, tukakula.